Frans Witte: Mtafiti Aliyeorodhesha Furu wa Ziwa Victoria

Maji ya bomba katika Manispaa ya Shinyanga, ambamo imo Kata ya Kolandoto, huvutwa kutoka Ziwa Victoria katika chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi. Hali ya uhai wa ziwa hilo inafahamika kwa kiasi kikubwa kutokana na kazi ya mwanabiolojia Frans Witte wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi.

Mwaka 1977, Witte na wenzake walianza kuvua, kuchambua na kuorodhesha furu katika Ghuba ya Mwanza. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hao, nyingi zikiwa hazipatikani kwingineko duniani.

Katika miaka ya 1980, sangara aliyepandikizwa ziwani aliongezeka kwa kasi na furu wakapungua mno. Mwaka 1992 watafiti hao walikadiria kuwa aina zipatazo 200 zimetoweka. Hasara hiyo ilipimika kwa sababu orodha ilitangulia maangamizi.

Mwaka 1997, Witte alishiriki utafiti ulioongozwa na Ole Seehausen, uliobaini kuwa maji yakipoteza uangavu, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na aina huchanganyika.

Baadhi ya furu wamerejea. Witte alifariki dunia mwaka 2013, lakini funzo lake limebaki: kuzuia udongo na mbolea visitiririkie ziwani ni kulinda samaki pamoja na maji ya kunywa.