Sergei Surovikin: Stori ya 'Jenerali Armageddon', Kutoka Jela ya Moscow Hadi Juu Kabisa, Kisha Kimya

Usiku wa tarehe 23 Juni 2023, vidio moja ilisambaa mtandaoni kama moto wa nyika. Jenerali wa Urusi ameketi, sura imechoka, mkono uko juu ya bunduki, na anawabembeleza askari wa kundi la Wagner warudi kambini. Huyo ndiye Sergei Surovikin, msee ambaye miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa mdosi wa vita vyote vya Urusi kule Ukraine.

Baada ya hiyo vidio, akazama. Zaidi ya miezi miwili hakuna aliyemwona hadharani. Kama umekuwa ukisikia jina lake na hujui alianzia wapi, hii ndiyo stori yake. Na ukiisoma hadi mwisho utaona kitu kimoja: kule Moscow, kujua kazi ni poa, lakini swali linaloamua maisha yako ni uko upande wa nani.

Kwa ufupi

Jina: Sergei Vladimirovich Surovikin
Kuzaliwa: Oktoba 1966, Novosibirsk, Siberia
Cheo: Jenerali wa Jeshi (tangu 2021)
Jina la mtaa: Jenerali Armageddon
Tuzo kubwa: Shujaa wa Urusi (2017)
Kazi kubwa alizoshika: mkuu wa vikosi vya Urusi Syria, mkuu wa jeshi la anga, mkuu wa operesheni ya Ukraine

Alianzia wapi?

Surovikin ni mtoto wa Siberia. Alisomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Omsk na akamaliza 1987, enzi ile Umoja wa Kisovieti bado uko. Alipelekwa vikosi maalum na akawahi miaka ya mwisho ya vita vya Afghanistan. Kwa hivyo huyu hakupanda kwa kukaa ofisini akipiga mihuri. Alianzia vumbini.

Usiku wa Agosti 1991

Hapa ndipo stori inapokuwa nzito. Agosti 1991, wazee fulani wa serikali na jeshi walijaribu kumpindua Mikhail Gorbachev. Wakajaza Moscow magari ya kivita. Raia nao hawakukubali. Walitoka usiku, wakaziba barabara kwa mabasi na kusimama mbele ya chuma kwa mikono mitupu.

Surovikin wakati huo alikuwa kapteni wa miaka 24 tu, na ndiye alikuwa anaongoza kikosi cha magari yaliyopita kwenye njia ya chini ya barabara ya Garden Ring. Fujo ikaanza pale, na raia watatu wakafa: Dmitry Komar, miaka 22, Ilya Krichevsky, miaka 28, na Vladimir Usov, miaka 37. Komar mwenyewe alikuwa askari wa zamani aliyepigana Afghanistan, vita vilevile alivyotoka Surovikin.

Mapinduzi yakafeli. Watatu wale wakazikwa na umati mkubwa, na Gorbachev akawapa jina la Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Kapteni naye akashikwa na kutupwa ndani.

Wewe ungedhani hapo kazi imeisha, sindio? Zii. Baada ya miezi kadhaa aliachiliwa bila hata kesi kusikizwa. Hoja ilikuwa kwamba yeye alifuata amri tu. Boris Yeltsin, ambaye ndiye aliyekuwa akipigania upande wa wale raia, ndiye aliyebariki aachiliwe. Na juu ya hiyo, kapteni akapandishwa cheo kuwa meja.

Shika hiyo sehemu. Alipeleka magari kwa niaba ya upande ulioshindwa, lakini upande ulioshinda ukamwona ni askari anayetii. Mwanajeshi anayetii hana bei, awe alitii nani.

Kesi ya bastola, kisha Chechnya

1995, akiwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha Frunze, alipatikana na hatia kwenye kesi ya bastola haramu. Akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, na baadaye hukumu hiyo ikafutwa. Tena akaponea.

Akatumikia Tajikistan, na kufikia 2004 alikuwa anaongoza divisheni ya 42 huko Chechnya. Ni huko alinukuliwa akiapa kwamba kwa kila askari wake mmoja atakayeuawa, wapiganaji watatu wa upande wa pili watalipa. Jina la ukali likaanza kumfuata.

Mwaka wa 2013 alipewa Wilaya ya Kijeshi ya Mashariki, eneo kubwa linalofika hadi bahari ya Pasifiki. Hapo sasa akawa mtu wa meza kuu.

Syria na nyota ya dhahabu

2017 alitumwa kuongoza vikosi vya Urusi nchini Syria, vilivyokuwa vikimsaidia rais Bashar al-Assad. Chini yake, jeshi la Assad likisaidiwa na ndege za Urusi lilivunja mzingiro wa ISIS kwenye mji wa Deir ez-Zor. Mwisho wa mwaka huohuo Putin akampa nyota ya Shujaa wa Urusi.

Ngoja kidogo hapo. Wale watatu wa 1991 walipewa ushujaa wakiwa kaburini. Miaka 26 baadaye, kapteni wa usiku ule naye akapewa ushujaa, akiwa hai na kifua kimejaa medali.

Lakini Syria ina upande mwingine. Shirika la Human Rights Watch, kwenye ripoti yake ya 2020 kuhusu mashambulizi ya Idlib yaliyogonga hospitali, shule na masoko, lilimtaja Surovikin kati ya makamanda wanaofaa kuchunguzwa. Ile sifa ya 'kuvunja kila kitu' haikutoka hewani.

Mwishoni mwa 2017 pia akapewa jeshi lote la anga la Urusi. Na huyu si rubani, ni mtu wa nchi kavu. Hiyo inakuonyesha walivyokuwa wakimwamini.

Miezi mitatu ya kuwa mdosi wa vita

Urusi ilivamia Ukraine Februari 2022. Kufikia Oktoba mambo yalikuwa yamewageukia vibaya, na Ukraine ilikuwa imerudisha eneo kubwa la Kharkiv. Tarehe 8 Oktoba, siku ileile daraja la Crimea lililipuka, wakamtangaza Surovikin kuwa mkuu wa operesheni nzima.

Siku mbili baadaye Urusi ikarusha zaidi ya makombora 80 kwa miji ya Ukraine. Mitambo ya stima ikawa ndiyo shabaha, na msimu wa baridi unakuja. Hebu fikiria kuishi ghorofani na baridi ya chini ya sifuri, hakuna taa, hakuna maji. Jina Armageddon likashika kabisa.

Kitu ambacho wengi hawakutarajia ni kwamba huyuhuyu ndiye alitangaza kurudi nyuma. Tarehe 9 Novemba 2022, mbele ya kamera, alimwambia waziri wa ulinzi Sergei Shoigu kwamba ni heri waondoke mji wa Kherson wajipange ng'ambo ya mto Dnipro. Kherson ulikuwa mji mkuu pekee wa mkoa ambao Urusi ilikuwa imeuteka tangu uvamizi huo uanze. Ilikuwa aibu, lakini kijeshi ilikuwa akili. Urusi ilisema askari zaidi ya 30,000 walivushwa.

Halafu akaanza kuchimba. Mahandaki, mabomu ya kutegwa ardhini, mapiramidi ya saruji ya kuzuia vifaru, safu baada ya safu. Watu wakaziita 'laini ya Surovikin'. Ukraine ilipokuja na mashambulizi yake makubwa Juni 2023, ilikwama hapo, na haikufika bahari ya Azov ilivyopanga.

Lakini laini ilipofanya kazi, mwenyewe hakuwa tena mdosi. Tarehe 11 Januari 2023 nafasi yake ilichukuliwa na Valery Gerasimov, mkuu wa majeshi, naye akashushwa kuwa naibu.

Urafiki uliomchoma

Yevgeny Prigozhin, mwenye Wagner, wale mamluki waliofika hadi Mali na Jamhuri ya Afrika ya Kati, alikuwa akiwatusi Shoigu na Gerasimov kila siku. Surovikin naye alikuwa akimsifu waziwazi. Kwenye siasa za Moscow, sifa kama hiyo ni kama kuwekwa alama mgongoni.

Wagner walipoasi na kuanza safari ya kwenda Moscow, Surovikin alitoa ile vidio ya kuwaomba warudi. Walirudi siku iliyofuata, lakini njiani walikuwa wametungua helikopta na ndege moja ya kijeshi. Ndege zenyewe ni za jeshi la anga, yaani za Surovikin mwenyewe. Siku chache baadaye gazeti la New York Times likaandika kwamba maafisa wa Marekani wanaamini alijua mpango huo mapema.

Tarehe 23 Agosti 2023 vyombo vya habari vya Urusi viliripoti kwamba amepigwa kalamu jeshi la anga, na Viktor Afzalov anashikilia. Jioni hiyohiyo ndege ya Prigozhin ikaanguka mkoa wa Tver, na watu wote 10 ndani wakafa.

Aliendea wapi?

Septemba 2023 picha yake ilitokea mtandaoni: kofia, miwani ya jua, nguo za raia, akiwa na mkewe. Baadaye mwezi huo iliripotiwa kwamba yuko Algeria na ujumbe wa wizara ya ulinzi. Yuko hai, yuko huru, lakini mbali na meza kuu.

Sasa linganisha. 1991 watu watatu walikufa mbele ya magari yake, na akapandishwa cheo kwa sababu alitii. 2023 alijenga ulinzi ulioiokoa Urusi na akawaambia waasi warudi, lakini akaondolewa kwa sababu walioko juu hawakuwa na uhakika naye. Raia kufa haikumwangusha. Shaka ya wadosi wake ndiyo ilimwangusha.