Laptop ya mtumba imewaka, haina Windows. Hii Ubuntu imetoka wapi? (Zamu ya Usiku, sehemu ya 9)

Leo tulikuwa tuendelee na historia ya ndui, ila kuna swali limejaa inboksi: "Dada, nimenunua laptop ya mtumba kwa ajili ya kujiendeleza, nimeiwasha imeandika Ubuntu, Windows hamna. Nimepigwa?" Hata mwenzangu wa wodini kaja na ya kwake kwenye begi. Laki tatu na nusu, na fundi wa mtaani keshamwambia alete elfu thelathini "ampigie Windows". Nikamwambia asitoe hela kwanza.

Hujapigwa. Kaa nikupe historia, halafu utaamua mwenyewe.

Kwanza tuelewane. Windows si kompyuta. Ni mfumo endeshi, na Ubuntu nayo ni mfumo endeshi. Fikiria inchaji wa wodi: hagusi kila mgonjwa, lakini nani alale kitanda kipi, mtungi wa oksijeni uende wapi, nani aingie stoo, vyote vinapita kwake. Ukibadilisha inchaji, wodi ni ile ile na vitanda ni vile vile. Taratibu ndizo zinabadilika, na siku mbili tatu za mwanzo utalalamika.

Sasa turudi mwaka 1969, Murray Hill, New Jersey, Marekani, kwenye maabara za Bell. Pale walikuwa wameshiriki mradi mkubwa sana wa mfumo endeshi ulioitwa Multics. Ukachelewa, ukala hela, mwaka ule Bell wakajitoa. Kijana mmoja, Ken Thompson, akabaki na mawazo kichwani bila mashine. Akaikuta kompyuta aina ya PDP-7 iliyokuwa haitumiki sana, ndogo hata kwa viwango vya siku zile. Mke wake aliposafiri na mtoto kwenda kwa wazazi kwa wiki chache, jamaa akajifungia na ile mashine, akaandika sehemu za msingi za mfumo mpya. Ndiyo ikawa Unix. Mwenzake Dennis Ritchie ndiye aliyetengeneza lugha ya C, ambayo baadaye Unix iliandikwa upya kwayo.

Umeona hapo? Babu wa hiyo kitu inayokutisha alizaliwa kwenye mashine ya kuokoteza.

Na hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Wakubwa walikuwa wamegoma kuwanunulia kompyuta kubwa. Walipopata hela ya PDP-11, ilikuwa kwa ahadi ya kutengeneza mfumo wa kuandaa nyaraka. Watumiaji wa kwanza nje ya kikundi chao, mwaka 1971, walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza, wale waliokuwa wanachapa maombi ya kulinda uvumbuzi. Kwa hiyo ukiambiwa mifumo hii ni ya mabingwa peke yao, jua makarani waliitumia kabla ya wengi wa hao mabingwa.

Unix ilikuwa mali ya AT&T. Mwanzoni vyuo vikuu viliipata kwa bei nafuu pamoja na maandishi yake ya ndani, yaani unaweza kufungua ukasoma inavyofanya kazi. Miaka ya 1980 mambo yakabana, leseni zikapanda bei, na makampuni mengi yakafungia maandishi ya programu zao. Pale MIT, Richard Stallman hilo halikumpendeza kabisa. Yeye alikuwa ameshakasirishwa na printa moja: ilikuwa inakwama karatasi, anataka kurekebisha programu yake, akanyimwa maandishi. Kwetu sisi ni kama kupewa dawa isiyo na lebo, unaambiwa wewe choma tu sindano, usiulize. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo mzima ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kumgawia jirani.

Wakajenga karibu kila kitu, kikakosekana kiini, yaani yule inchaji mwenyewe. Kiini kilitoka Helsinki, Finland. Mwanafunzi wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanzoni mwa 1991 alinunua kompyuta kwa kulipa kidogo kidogo. Unix ya dukani mwanafunzi haiwezi, akaanza kuandika ya kwake. Agosti 1991 akawatangazia watu kwenye mtandao kwamba anafanya tu kwa kujifurahisha. Mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni ya kina Stallman. Ndiyo hiyo Linux. Na kabla hujasema hujawahi kuitumia: kama simu yako ni Android, kiini chake ni Linux. Umeishika mkononi sasa hivi.

Ubuntu yenyewe ni ya huku Afrika, angalau kwa mwanzilishi na jina. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kwa dola milioni 575. Mwaka 2002 akalipia safari ya kwenda angani (mimi ningejenga hospitali, lakini hela si zangu). Oktoba 2004 akatoa Ubuntu ya kwanza, akaibeba Linux akairahisisha kwa mtu wa kawaida. Neno lenyewe ni la Kizulu na Kixhosa, kwetu ni "utu". Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ulikuwa unaomba sidii wanakutumia kwa posta bure mpaka mlangoni.

Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, maana maandishi ya OpenOffice yalikuwa wazi: unachukua, unatafsiri, unagawa. Hiyo LibreOffice unayoikuta ndani ya Ubuntu yako ilitokana na OpenOffice mwaka 2010.

Tuje kwenye mtumba wako. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai prosesa mpya na kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine. Windows 10 nayo ikafika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi ya Ulaya na Marekani yana kompyuta nzima kabisa ambazo Windows mpya imezikataa. Nyingine zinaishia kwenye maduka ya mitumba. Muuzaji asiye na leseni ya Windows anaweka Ubuntu, kwa sababu ni halali na ni bure.

Na hiyo Windows ya elfu thelathini je? Mara nyingi ni ya wizi, iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua, na sasisho za usalama nyingine huzimwa kabisa. Hapa nawasemesha kama nesi. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kililipuka duniani. Kinafunga mafaili yako halafu kinadai fidia. Uingereza kiliathiri taasisi zipatazo 80 za NHS. Magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine, miadi maelfu ikafutwa, wakiwemo wagonjwa wa saratani. Na dawa ya tatizo lile, yaani sasisho, Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi. Mashine nyingi zilizoshambuliwa hazikuwa zimechanjwa, basi. Sisemi Ubuntu haiugui. Nasema mashine isiyopata sasisho ni mtoto asiye na chanjo, awe wa Windows au wa Linux, na Ubuntu sasisho zake ni bure.

Kingine wengi hatukijui. Takwimu tunazojaza kwenye vitabu vya MTUHA huingizwa kwenye DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na leo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ni programu huria, na kwa kawaida huwekwa kwenye seva za Linux. Wale wa Kenya mnaijua OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 kwa mafaili ya wagonjwa wa VVU. Nayo ni huria.

Basi jaribu hivi. Soma namba ya toleo kwenye mipangilio: 24.04 maana yake Aprili 2024. Matoleo ya Aprili ya miaka shufwa (22.04, 24.04) hupata sasisho za bure kwa miaka mitano. Ukikuta 16.04, hiyo imeshapitwa. Hata ikiwa mpya, mimi ningefuta yote na kuweka upya, sababu nenosiri la kwanza alikuwa nalo muuzaji. Pakua Ubuntu kwenye tovuti yao, iweke kwenye flashi, washa laptop kupitia flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha. Utaratibu huu wa kujaribu bila kugusa diski ulipata umaarufu na Knoppix ya Mjerumani Klaus Knopper tangu mwaka 2000. Angalia waifai, sauti, kamera, betri, na kila herufi ya kibodi. Ukiridhika ndipo usakinishe, na hapo diski itafutwa, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza.

Ubaya wake nao usikie. Faili la Word lenye majedwali mengi linaweza kufunguka limepindapinda ndani ya LibreOffice, kazi ya chuo tuma kwa PDF. Na kama chuo chako kinatumia programu ya mitihani ya Windows tu, uliza kabla hujalipa ada.

Ndui tunarudi nayo Jumapili, nikitoka usiku.