Klasi na moduli kwa anayetoka Java kwenda Python

Mwenye kuzoea kuandika programu kwa Java, lugha iliyotoka 1995, akianza Python anatengeneza faili moja kwa kila klasi. Java ndiyo inamuzoeza: klasi iliyo wazi kwa programu yote lazima ikae katika faili yenye jina lake. Python, ya 1991, haiombi hivyo. Faili yenyewe ndiyo moduli, nayo inabeba klasi mingi, sawa behewa moja kwenye reli ya Kindu na Kibombo linavyobeba mizigo ya watu mbalimbali.

Kwa programu ya duka, klasi Bidhaa na Deni zikae pamoja katika duka.py. Gawa faili ikishakuwa ngumu kusoma. Zikitengwa mapema, duka.py ikaita deni.py, na deni.py ikaita duka.py, programu inaweza kukwama mbele ya kuanza. Tena anayebeba kazi kwa flashi mpaka Kindu, akisahau faili moja inayoitwa na zingine, programu haitafunguka.