Diski Imejaa! Historia ya Nafasi Katika Kompyuta ya Nyumbani

Ndugu msomaji, hakuna ujumbe unaomkera mwenye kompyuta kama ule unaomwambia kwamba nafasi imekwisha. Unataka kuhifadhi picha za arusi ya dada yako, au mawaidha uliyoletewa na rafiki kwenye fleshi, mara mashine inakataa. Hapo wengi wetu hufanya moja kati ya mawili: ama tunafuta chochote kilicho mbele yetu, ama tunakimbilia dukani kununua diski kubwa zaidi. Njia zote mbili zina hasara. Anayefuta ovyo, iko siku atafuta asichoweza kukipata tena. Na anayenunua tu bila kupanga, baada ya mwaka atakuwa pale pale alipokuwa.

Tatizo hili si geni. Lina umri wa karibu miaka 70, na kila kizazi kilidhani kimelimaliza. Tukiijua historia yake tutaelewa kwa nini diski hujaa, na ni kitu gani hasa tunachotakiwa kukilinda.

SANDUKU LA TANI MOJA

Kabla ya diski, habari za makampuni na serikali zilihifadhiwa katika kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, na baadaye katika kanda za sumaku. Shida ya kanda wanaijua wote waliowahi kutumia kaseti: ukitaka kilicho mwisho, sharti upite kwanza kilicho mwanzo.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa dawa ya shida hiyo. Kundi la wahandisi lililoongozwa na Reynold Johnson huko San Jose, California, lilitengeneza IBM 350, diski ya kwanza kuuzwa duniani, iliyokuwa sehemu ya mashine iitwayo RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zilizopangwa juu kwa juu, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulikaribia tani moja. Mkono wa chuma ulikwenda moja kwa moja kwenye sahani iliyotakiwa, kama mtu anayefungua kitabu ukurasa anaoutaka.

Je, jitu hilo lilibeba kiasi gani? Herufi milioni 5 tu, yaani chini ya megabaiti 4 kwa hesabu ya leo. Picha moja ya simu yako ingetosha kulijaza.

Diski zikaendelea kupungua umbo. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa ST-506, yenye megabaiti 5, lakini yenye kuenea mikononi. Safari ya kutoka sanduku la tani moja hadi kitu cha kubebwa kwa mkono ilichukua miaka 24, na kiasi cha habari kilikuwa karibu kile kile. Mlango wa diski kuingia majumbani ukafunguka.

KWA NINI TUNAANZA NA HERUFI C?

Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na diski ngumu. Ilitumia flopi, zile diski laini za kuchomeka na kuchomoa. Ya kwanza iliitwa A na ya pili B. Mwaka 1983 ikatoka IBM PC XT, iliyokuwa na diski ngumu ya megabaiti 10, nayo ikapewa herufi iliyofuata: C. Flopi zimeshatoweka, lakini herufi zao mpaka leo zimeachwa wazi, kama kiti cha mzee aliyehama ambacho hakuna anayekikalia.

Mwaka huo huo wa 1983 kulitokea jambo ambalo watu hawalitaji sana, nalo lina faida kubwa kwetu. Toleo la kwanza la mfumo wa DOS halikuwa na folda. Faili zote zilikaa sehemu moja, na kwenye flopi hilo halikudhuru kwa sababu orodha ilikuwa fupi. Diski ya megabaiti 10 ikaweza kubeba mamia ya faili, na orodha ikawa msitu. Ndipo DOS 2.0 ikaleta folda ndani ya folda, wazo lililotokana na mfumo wa Unix. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nafasi ilipoongezeka mara ya kwanza majumbani, kitu cha kwanza kilichohitajika kilikuwa mpango.

KUTA ZILIZOJENGWA NA WATU

Wengi hudhani diski ilijaa kwa sababu mashine zilikuwa dhaifu. Kumbe mara nyingi kikwazo kilikuwa namba iliyochaguliwa na mtu fulani, miaka kadhaa nyuma, akiamini kwamba inatosha na kuzidi.

DOS za miaka ya 1980 ziliweza kuhesabu vipande 65,536 tu vya diski, kila kipande baiti 512. Zidisha, utapata megabaiti 32. Mtu aliyenunua diski kubwa kuliko hiyo alilazimika kuikata vyumba: C, D, E na kuendelea. Ukuta huo ulipovunjwa, ukaja mwingine wa megabaiti 504, uliotokana na namna mashine zilivyohesabu mizunguko ya diski. Nao ukavunjwa, ikaja gigabaiti 137, kwa sababu anwani za diski ziliandikwa kwa tarakimu 28 za sifuri na moja. Mwaka 2002 Windows XP ilipata marekebisho ya kuuvuka. Kisha ukafuata ukuta wa terabaiti 2. Kila mara, kilichoitwa "hakiwezi kujaa" kilijaa.

Kulikuwa pia na upotevu wa siri. Mfumo wa zamani uliitwa FAT16, nao uligawa diski katika mafungu yaliyo sawa. Katika chumba cha gigabaiti 2, kila fungu lilikuwa kilobaiti 32, na faili mbili hazikuruhusiwa kukaa fungu moja. Barua ya kilobaiti 2 ilichukua kilobaiti 32 nzima, kama abiria mmoja aliyekodi matatu peke yake. Ukiwa na barua 1,000, megabaiti 2 za maandishi zilikula zaidi ya megabaiti 31. Mwaka 1996 Microsoft ilileta FAT32 yenye mafungu madogo, na watu wakaona nafasi imerudi bila kufuta hata faili moja. Mfumo wa NTFS, uliotoka mwaka 1993 kwa ajili ya maofisi, ukaingia majumbani kwa wingi pamoja na Windows XP mwaka 2001.

UGOMVI WA KUBANA

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 diski zilikuwa ghali mno, na hapo ikatoka biashara ya kubana faili. Kampuni ndogo ya California iliyoitwa Stac Electronics iliuza programu ya Stacker, ambayo ilibana faili zinapoandikwa na kuzifungua zinaposomwa, hata diski ikaonekana kama imeongezeka maradufu. Watu waliipenda. Mwaka 1993 Microsoft ikatoa MS-DOS 6.0 yenye kazi hiyo hiyo ndani yake, bila malipo ya ziada. Stac ikaenda mahakamani kudai hakimiliki ya uvumbuzi wake, na mwaka 1994 baraza la mahakama likaipa fidia ya dola milioni 120. Microsoft nayo ikashinda dola milioni 13.6 katika madai yake dhidi ya Stac. Mwishowe wakapatana.

Lakini tazama kilichofuata. Ushindi huo haukuipa Stacker maisha marefu, maana bei ya diski ilishuka kwa kasi na watu wakaacha kubana. Tena walikuwepo waliojuta, kwa sababu diski iliyobanwa huwa kama faili moja kubwa: ikiharibika sehemu, kuokoa kilichomo ni shida tupu. Aliyetaka nafasi maradufu wakati mwingine alipata hasara maradufu.

GHARIKA LA GIGABAITI

Mwaka 1988 wanasayansi wawili, Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba tabaka nyembamba sana za metali hubadilisha upitishaji wa umeme zikiguswa na sumaku hafifu. IBM ikautumia ugunduzi huo kutengeneza kichwa cha kusomea diski, na mwaka 1997 ikatoa diski ya gigabaiti 16.8. Miaka kumi baadaye, 2007, kampuni ya Hitachi ikauza diski ya kwanza ya terabaiti 1, na mwaka huo huo mabwana wale wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Je, watu walipumzika? Hata kidogo. Ilikuja miziki ya MP3, zikaja kamera za dijitali, filamu, kisha simu zenye kupiga video. Zamani filamu ya kamera ilikuwa na picha 36, na mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi anapiga picha 15 za sahani moja ya futari, na zote anaziweka. Nafasi ilipokuwa haba, uchache wenyewe ulitulazimisha kuchagua. Ilipopatikana tele, kazi ya kuchagua ikabaki mikononi mwetu, nasi wengi hatukuipokea.

KUFUTA SI KUPOTEZA, NA KUWEKA SI KUHIFADHI

Hapa ndipo penye hatari hasa, ndugu zangu. Ukifuta faili, na hata ukimwaga lile pipa la taka lililoletwa na Windows 95, katika diski ngumu yaliyomo kwa kawaida hayaondoki. Mfumo unafuta jina kwenye daftari tu, na yaliyoandikwa yanabaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kuchunguza diski 158 zilizotumika walizonunua. Kati ya 129 walizoweza kuzisoma, 12 tu ndizo zilizosafishwa vizuri. Katika nyingine walikuta barua za watu, habari za hospitali na maelfu ya namba za kadi za benki. Nasi huku kwetu kompyuta za mitumba tunauziana kila siku! Siri ya mtu ni amana. Kabla ya kuuza mashine yako, fundi aisafishe diski kwa programu inayoandika upya kila kipande. Na ukinunua, usichimbue ya wenzako.

Upande wa pili, kuweka kitu kwenye diski si kukihifadhi. Diski hufa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa takwimu za diski zaidi ya 100,000 walizozitumia: katika mwaka wa kwanza zilizoharibika zilikuwa chini ya asilimia 2, lakini kufikia mwaka wa tatu kiwango kilipita asilimia 8 kwa mwaka. Diski mpya za SSD hazina sahani inayozunguka, na hazivunjiki upesi zikianguka, lakini nazo hufa, tena wakati mwingine bila kukohoa.

Wapo wanaodhani wakiweka nakala kwenye D wako salama. Aghalabu, katika kompyuta ya nyumbani, C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua, huwezi kusema chumba cha pili kitanusurika.

BASI TUFANYE NINI?

Historia hii inatupa mafunzo machache ambayo kila mmoja anaweza kuyatekeleza jioni moja:

1. Jua kinachokula nafasi. Panga faili kwa ukubwa, uanze na filamu na video. Kufuta barua 500 hakutakufikisha popote wakati filamu moja inachukua gigabaiti nzima.

2. Usishangae kuona diski ya terabaiti 1 ikionyesha 931. Hukuibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024.

3. Acha nafasi kiasi kwenye C, maana mfumo wenyewe unaihitaji kufanyia kazi. Kama diski yako ni ya sahani, kuipanga upya vipande vyake mara kwa mara kunasaidia. Kama ni SSD, usihangaike na zoezi hilo la zamani.

4. Tenganisha kinachopatikana tena na kisichopatikana tena. Programu utaipakua upya, na filamu utaazima kwa jirani. Lakini sauti ya marehemu babu akisimulia, picha za mama ujanani, na kazi uliyoiandika kwa miezi mitatu, hivyo havina duka.

5. Hivyo visivyo na duka viwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba yako, hata kama ni kwa shangazi mtaa wa pili. Na uzifungue mara kwa mara uone kama zinasomeka.

Akiba haiozi, walisema wazee, ila wao waliitia ghalani, wakaipepeta na kuikagua wasije wakakuta wadudu wameimaliza. Kuanzia lile sanduku la 1956 mpaka diski iliyo mezani kwako, wahandisi wameshafanya kazi yao: nafasi ipo, tena bei yake imeshuka mno. Kazi ya kupepeta hawakuweza kutufanyia. Kabla ya kwenda kununua diski nyingine, kaa na hii uliyo nayo, ujue ndani yake kuna nini.