Fuwele za volkeno

Fuwele za volkeno ni madini yaliyoganda ndani ya magma ikiwa bado chini ya ardhi, kisha yakabebwa juu na lava. Katika baadhi ya lava za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, feldispa zenye pembe nne zilizoinama, kama kishada, huonekana kwa macho matupu. Ukubwa huo unaonyesha kwamba zilikua taratibu. Lava inayopoa haraka hutoa chembe ndogo mno.

Fuwele hukua tabaka juu ya tabaka, la ndani likiwa kongwe. Plajioklasi, aina ya feldispa, kwa kawaida huanza na kalsiamu nyingi, na magma inapopoa sodiamu huongezeka kuelekea ukingoni. Ukingo ukionekana umeliwa, kisha ukafunikwa na tabaka jipya lenye kalsiamu nyingi, mara nyingi ni alama ya magma ya moto zaidi iliyoingia.

Ndivyo ilivyotokea Pinatubo, Ufilipino: magma ya moto ya basalti ilipenya katika magma ya desiti iliyokuwa ikipoa. Mchanganyiko wa magma hizo ulitoka kwanza, siku chache kabla ya mlipuko mkuu wa 15 Juni 1991.

Madini ya olivini, jambo la kustaajabisha, hutunza hata muda. Chuma na magnesiamu huhama polepole ndani yake, na umbali vilikofika husaidia kukadiria siku, miezi au miaka kati ya magma kuchanganyika na kulipuka.