Tathmini ya Mgonjwa wa Kupandikizwa Figo (Shinyanga na Geita)

Tathmini ya mgonjwa wa kupandikizwa figo ni uchunguzi wa hali zote za mtu ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi na ambaye matabibu wanakusudia kumpa figo ya mtu mwingine. Kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo aghalabu ana maradhi zaidi ya moja, huwategemea jamaa zake kwa figo, nauli na chakula, na hulazimika kumeza dawa muda wote figo hiyo idumupo, uchunguzi huo hutoka mwilini mwake ukaingia katika kazi yake, nyumba yake na nasaba yake. Mintarafu ya wakazi wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, mambo hayo yana sura yake mahususi.

Historia

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, daktari Joseph Murray alipochukua figo ya kijana mmoja na kumpa pacha wake wa kufanana. Watanzania, kwa miaka mingi, waliifuata huduma hii India, wengine kwa mali zao na wengine kwa gharama ya Serikali, hata ulipofika Novemba 2017 ambapo Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa auni ya wataalamu wa hospitali ya BLK ya New Delhi, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa msaada wa Wajapani wa Tokushukai. Figo zinazopandikizwa hutolewa na ndugu walio hai.

Kusafisha damu

Watu husema “kusafisha figo”, ingawa kinachosafishwa na mashine ni damu. Mgonjwa anayengoja figo huhitaji kusafishwa damu mara tatu kwa juma, takriban saa nne kila mara, na kwa wengi wa Kanda ya Ziwa kituo kikubwa ni Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Mtu wa Geita alikuwa akingoja kivuko baina ya Busisi na Kigongo mpaka lilipofunguliwa daraja la kilomita 3 hivi mnamo Juni 2025. Mkono uliounganishwa mishipa kwa ajili ya mashine, ambao ukiugusa husikia mtetemo laini chini ya vidole, haufai tena kubeba ndoo wala kuinua sururu, na mwenye kufanya tathmini hana budi kujua ni nani atakayechota maji nyumbani.

Kazi ya machimbo

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001, lakini wanaomhusu zaidi tabibu wa figo ni wachimbaji wadogo. Mawe yakisha kusagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliobaki ndani ya karai kwa mikono mitupu, hukamua mchanganyiko huo kwenye kitambaa mpaka lisalie donge jeupe mfano wa gololi, kisha huliweka juu ya moto wa mkaa. Zebaki huondoka kwa mvuke usioonekana wala kunuka, nao huvutwa na yeye apulizaye moto, na pengine na mkewe apikaye hatua chache kando. Zebaki ivutwayo hivyo hukusanyika zaidi katika figo, na yaweza kuziharibu hata mkojo ukatoa povu na miguu ikavimba. Sabuni na mikorogo ya kuchubua ngozi, ambayo mingine ina zebaki, huleta madhara yale yale, na wanawake wachache huitaja wasipoulizwa kwa upole. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020.

Kwa sababu hiyo swali la “unafanya kazi gani?” halitoshi. Mtu mwenye ng'ombe na shamba la pamba, ambaye kiangazi hushuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, atajibu kuwa ni mkulima, na atakuwa amesema kweli. Lililo bora ni kuuliza nani huchoma dhahabu pale nyumbani, na huichomea wapi. Kwani figo mpya ikirudishwa katika moshi ule ule, kazi yote ya mpasuaji imo hatarini.

Vumbi la mawe nalo huchakaza mapafu na kuyafungulia njia maradhi ya kifua kikuu. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana dawa za kuzuia mwili usiikatae figo zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na rifampisini inayokitibu hushusha kiwango cha dawa hizo katika damu mpaka figo ikakosa kinga. Mchimbaji hupimwa kifua kabla ya upasuaji, na maradhi yakigunduliwa hutibiwa kwanza. Hali kadhalika kichocho, ambacho huacha makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo, hutafutwa kwa mgonjwa na kwa mtoaji pia.

Nasaba na ridhaa

Ndugu wa baba na mama mmoja wana bahati moja katika nne ya kulingana kikamilifu kwa tishu, mbili katika nne ya kulingana nusu, na moja ya kutolingana kabisa. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, walio wengi katika kaya za Kisukuma zenye wake kadhaa, kwa kawaida hawavuki nusu; hivyo mgonjwa atajaye ndugu kumi na wanne huenda ana watatu tu wa tumbo moja, na tabibu asiyeuliza jina la mama hutia tumaini la bure nyumba nzima. Mwanamke aliyezaa mara nyingi, au aliyeongezewa damu, aweza kuwa na kinga dhidi ya tishu za watu wengine, hata za mumewe.

Ridhaa ya mtoaji hutafutwa faraghani, mbali na wazee wa ukoo, na tabibu asiyemtibu mpokeaji. Mdogo aliyesomeshwa na kaka yake hawezi kusema “sitaki” mbele ya baraza la familia. Akilisema faraghani, ni busara na ni haki familia iambiwe tu kwamba hafai kutoa. Na akikubali, ahesabiwe miezi atakayokaa bila kazi za sulubu, na nani atalisha watoto wake.

Baada ya upasuaji

Dawa humezwa mara mbili kwa siku kwa saa zilezile, mathalani saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Balungi huzidisha nguvu za baadhi ya dawa hizo, na dawa za mitishamba zaweza kuzivuruga. Inafaa mganga wa kijiji ajulikane kwa jina na aelezwe kwa heshima, kwa kuwa mgonjwa atamwendea tu.

Hali ya sasa

Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Chato, imesogeza baadhi ya huduma za kibingwa mkoani Geita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.