Redio ikinyamaza, nani ameizima? Uhuru wa habari Kenya, Tanzania na Burundi

Katiba za Kenya, Tanzania na Burundi zote zinatambua uhuru wa mtu kutoa maoni yake. Tofauti kati ya nchi hizo hudhihirika siku kituo kinapozimwa au gazeti linapofungwa: nani ametoa amri hiyo, na nani ana uwezo wa kuitengua?

Kenya: mahakama za ndani

Ibara ya 34 ya Katiba ya mwaka 2010 inaikataza serikali kuingilia kazi ya vyombo vya habari au kumwadhibu mtu kwa maoni yaliyotangazwa. Hata hivyo, tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo cha kuwa "rais wa wananchi", serikali ilizima matangazo ya Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliagiza yarejeshwe, lakini siku kadhaa zilipita kabla agizo hilo halijatekelezwa. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipiga marufuku kurusha maandamano mubashara. Safari hii pia Mahakama Kuu ilisitisha katazo hilo, muda mfupi baada ya kutolewa.

Tanzania: leseni

Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kutoa na kupokea habari. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliyalazimu magazeti kuwa na leseni inayotolewa na idara ya serikali. Kwa hiyo, mkono unaotoa leseni ndio unaoweza kuifuta. Magazeti ya Mseto, Mawio, Mwanahalisi na Tanzania Daima yalifungwa kwa nyakati mbalimbali kati ya 2016 na 2020. Februari 2022, Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliyarudishia yote manne leseni zao.

Burundi: baraza na nguvu

Msimamizi wa vyombo vya habari nchini Burundi ni Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC. Pigo kubwa zaidi, hata hivyo, halikutokana na barua ya baraza hilo. Mei 2015, wakati wa jaribio la kuipindua serikali ya Pierre Nkurunziza, redio binafsi, zikiwamo RPA, Bonesha FM na Isanganiro, zilishambuliwa na kuharibiwa. Waandishi wengi walikimbilia uhamishoni. Mei 2018, CNC ilisimamisha matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika, na Machi 2019 ikaifutia BBC leseni. Mlango ulianza kufunguka baadaye: Bonesha FM iliruhusiwa kurejea hewani mwaka 2021, na BBC ikaondolewa marufuku mwaka 2022.

Mahakama ya pamoja

Nchi zote tatu ziko chini ya Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri humo, ndani ya miezi miwili tangu kitendo anachokilalamikia kufanyika au tangu alipokifahamu. Tarehe 15 Mei 2015, mahakama hiyo iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya habari ya Burundi vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Tarehe 28 Machi 2019 ilitoa uamuzi kama huo kuhusu vifungu kadhaa vya sheria ya Tanzania ya 2016.

Hata hivyo, mahakama hiyo haina askari wa kusimamia hukumu zake. Juni 2018 iliamua kwamba kufungiwa kwa gazeti la Mseto kulikiuka Mkataba, lakini gazeti hilo halikupata leseni hadi Februari 2022.

Kwa msomaji na msikilizaji, basi, maneno ya katiba ni mwanzo tu. Kinachompa uhakika wa kupata habari ni kuwapo kwa chombo kilicho huru na serikali, chenye uwezo wa kutengua amri, na serikali iliyo tayari kuutii uamuzi wake bila kuchelewa.